Kikamulio cha Machungwa na Kipimo cha Mkamuaji

Katika kliniki za kisukari kuna kisa kinachojirudia. Mgonjwa ameelezwa madhara ya soda, akaelewa, akaiacha. Anaporudi baada ya miezi mitatu, sukari yake haijashuka, na pengine imepanda. Akiulizwa anakunywa nini siku hizi, hujibu kwa utulivu wa mtu aliyetii alichoambiwa: amenunua kikamulio, na kila asubuhi hukamua machungwa kwa mikono yake, bila kuongeza sukari hata chembe. Hadanganyi, wala hakupuuza ushauri. Alichokosa ni mtu wa kumweleza kwamba machungwa manne yaliyokamuliwa katika glasi moja si sawa na machungwa manne yaliyoliwa.

Kikamulio kimekuwa chombo cha kawaida katika majiko yetu. Kipo kile cha plastiki chenye nundu katikati, ambacho nusu ya chungwa huzungushwa juu yake. Kipo kile cha vyuma viwili vinavyobanwa kwa mkono kwa ajili ya ndimu. Kipo kile kikubwa cha mkono mrefu ambacho wauza juisi hukisimamisha juu ya meza, na kipo cha umeme. Vyote ni vyombo vyema. Vikitumiwa kwa maarifa, husaidia kukinga upungufu wa damu, hupunguza uwezekano wa kupata vijiwe vya figo, na huweza kumwokoa mgonjwa aliyeshukiwa na sukari. Vikitumiwa bila maarifa, huongeza sukari mwilini, hulika meno na kuvuruga utendaji wa baadhi ya dawa. Makala haya yanaeleza jinsi ya kukitumia chombo hiki nyumbani ili faida yake ibaki na madhara yake yaepukwe.

Tunda huja na kipimo chake

Chungwa moja la wastani, likishamenywa, huwa na takriban gramu 130 za nyama. Ndani yake mna sukari ya asili ipatayo gramu 12, nyuzinyuzi gramu 3 hivi, na takriban miligramu 70 za vitamini C, kiasi kinachokaribia mahitaji ya mtu mzima kwa siku nzima. Chungwa hilo likikamuliwa hutoa mililita 60 hadi 80 za maji. Kwa hiyo, ili kujaza glasi ya mililita 250, yaani nusu ya chupa ya maji ya nusu lita, yatahitajika machungwa matatu hadi manne.

Tutazame kilichomo katika glasi hiyo. Sukari hufikia gramu 20 hadi 25, sawa na vijiko vitano au sita vya chai. Nyuzinyuzi zimebaki katika makapi. Glasi nzima aghalabu haifikishi hata gramu moja. Soda ya kola huwa na gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100, na juisi ya machungwa huwa na gramu 8 au 9. Ni kweli kwamba juisi huipita soda kwa mbali kwa sababu ina vitamini C, potasiamu na folati. Hata hivyo, kwa upande wa sukari tofauti kati ya vinywaji hivi viwili ni ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani.

Mtu anayekula chungwa hulimenya, hutenganisha vipande, hutafuna na kutema kokwa. Dakika kadhaa hupita, nyuzinyuzi hujaza tumbo, na sukari huingia katika damu polepole. Ni wachache wawezao kula machungwa manne kwa mkupuo mmoja. Lakini glasi ya juisi ya machungwa manne huisha kwa muda wa pumzi mbili, na baada ya kuinywa mtu hukaa mezani kula kifungua kinywa chake kama kawaida. Tunda lina kipimo ndani yake. Kikamulio hukiondoa kipimo hicho, na kazi ya kupima huhamia kwa mkamuaji.

Kwa sababu hiyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaihesabu sukari ya juisi za matunda pamoja na sukari tunayoongeza katika chai na vitafunwa, ilhali sukari iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi hivyo. Mwongozo huo unapendekeza sukari hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2000 kwa siku, viwango hivyo ni gramu 50 na gramu 25. Glasi moja kubwa ya juisi, basi, hukaribia kukimaliza kiwango kile cha chini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la BMJ, ambao uliwafuatilia maelfu ya wahudumu wa afya nchini Marekani kwa miaka mingi, ulionesha mwelekeo huohuo. Ulaji wa matunda mazima uliambatana na uwezekano mdogo wa kupata kisukari cha aina ya pili, na unywaji wa juisi uliambatana na uwezekano mkubwa zaidi. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba jambo moja limesababisha jingine, lakini unalingana na yale tunayoyajua kuhusu mwendo wa sukari mwilini.

Namna ya kukamua

Matumizi mema huanza katika kuchagua tunda. Katika nchi zetu za joto, machungwa mengi, yakiwemo yale ya Muheza mkoani Tanga, hubaki na ganda la kijani hata yanapokuwa yameiva, kwa sababu ganda hupoteza ukijani wake pale usiku unapokuwa na baridi. Rangi, basi, si kipimo cha kutegemea. Lishike tunda mkononi: chungwa zito kuliko ukubwa wake, lenye ganda laini na jembamba, ndilo lenye maji mengi. Ndimu nayo huchaguliwa vivyo hivyo.

Tunda lililotoka katika jokofu liachwe kwanza lipoe baridi yake. Kisha livingirishwe mezani chini ya kiganja kwa nusu dakika, ili vifuko vya maji vilegee. Likatwe katikati kwa upana, kisu kikivuka vyumba vyote vya tunda, wala si kwa urefu kutoka kikonyoni. Likikatwa kwa urefu, ngozi za vyumba huzuia maji, na mkamuaji hulazimika kutumia nguvu nyingi bila kupata mengi.

Kwenye kikamulio cha vyuma viwili kuna kosa linalofanywa katika nyumba nyingi. Mtu hulaza nusu ya ndimu ganda likiwa chini, kwa kuwa umbo lake linalingana na shimo la chombo. Matokeo yake maji huruka pembeni na mengine kuingia machoni. Upande uliokatwa ndio unaopaswa kutazama chini, kwenye matundu. Chombo kikibanwa, ganda hupinduka na maji yote hushuka.

Kwenye kikamulio cha nundu, iwe cha mkono au cha umeme, zungusha kwa shinikizo la wastani na uache pale nyama inapokwisha. Ukiendelea hadi kusugua tabaka jeupe la ganda, au ukiponda kokwa, juisi huwa chungu, na uchungu huo huongezeka kadiri inavyokaa. Wengi huuficha kwa sukari, na hapo faida ya kukamua nyumbani huwa imepotea. Usichuje kwa kitambaa. Tumia chujio la matundu makubwa linalozuia kokwa tu, na nyamanyama zilizobaki kikamulioni zirudishe ndani ya juisi kwa kijiko. Hazitairudisha juisi iwe tunda, lakini ni bora kuliko maji matupu.

Usafi wa tunda, chombo na maji

Ganda haliliwi, na kwa hiyo wengi hawalioshi. Lakini kisu kinachopita katika ganda chafu hubeba vijidudu na kuvipeleka moja kwa moja katika nyama ya tunda, na mkono unaobana ganda hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1999, nchini Marekani na Canada, watu zaidi ya 200 waliugua ugonjwa wa salmonela uliotokana na juisi ya machungwa isiyochemshwa. Tukio hilo lilikumbusha kwamba ukali wa juisi hauui vijidudu vyote. Osha mikono kwa sabuni, kisha sugua matunda kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kuyakata, na uondoe sehemu zilizooza au kupasuka.

Kikamulio kioshwe mara tu kazi inapokwisha. Makapi yakikauka kwenye matundu huwa vigumu kuondoka, na siku ya pili huwa makazi ya vijidudu na ukungu. Kitenganishe vipande, sugua matundu kwa brashi ndogo na sabuni, suuza, kisha kianikwe kikauke kwa hewa badala ya kufutwa kwa kitambaa kibichi cha jikoni. Cha umeme kichomolewe kwanza, na sehemu yake yenye mota isitumbukizwe majini.

Maji ya kuzimulia juisi na yale ya kugandishia barafu yawe yamechemshwa au kutibiwa. Hapa inafaa kutaja utafiti wa Guinea-Bissau uliochapishwa mwaka 2000, ambao ulionesha kuwa maji ya ndimu yakiongezwa katika chakula hudhoofisha vimelea vya kipindupindu na kuwapa walaji kinga kiasi. Ni habari njema kwa watu wa pwani waliozoea kukamulia ndimu juu ya wali na samaki. Lakini ndimu chache katika ndoo ya maji hazileti ukali huo, na hakuna anayepaswa kuiweka ndimu mahali pa kuchemsha maji au kutumia dawa ya klorini.

Jambo la mwisho ni chombo cha kuhifadhia. Asidi ya ndimu na machungwa huyeyusha madini. Juisi isiwekwe katika ndoo ya bati lenye zinki, sufuria ya alumini wala chombo cha shaba. Zinki na shaba zikiingia katika kinywaji huleta kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Kioo, chuma kisichoshika kutu au plastiki iliyotengenezwa kwa chakula hufaa. Kikamulio cha alumini hakina shaka kwa kazi ya dakika chache, mradi juisi isiachwe humo na chombo kiwe hakijachubuka.

Muda na moto

Vitamini C ni dhaifu mbele ya moto na hewa. Historia ya tiba imeuhifadhi mfano wa jambo hili. Mwaka 1747, daktari James Lind, akiwa katika meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, aliwagawa mabaharia 12 waliougua kiseyeye katika jozi sita, kila jozi ikipewa tiba yake. Wawili waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walipata nafuu upesi, na kabla ya wiki moja kwisha mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini. Lakini Lind alipotafuta njia ya kuhifadhi matunda hayo kwa safari ndefu, alipendekeza juisi ichemshwe hadi iwe nzito. Moto uliharibu kile kilichowaponya mabaharia wale, na dawa hiyo ya kuchemshwa ikakosa nguvu. Ilipofika mwaka 1795 ndipo jeshi la majini la Uingereza lilipoanza kuwapa mabaharia maji ya malimau kwa utaratibu.

Nyumbani somo hilo lina matumizi mawili. Kwanza, ndimu ikamuliwe juu ya chakula kilichokwisha kuepuliwa, wala isichemshwe pamoja nacho. Pili, juisi inywewe ikiwa mbichi. Ikilazimu kukaa, ifunikwe, iwekwe katika jokofu na itumike ndani ya siku moja. Anayepata ndimu nyingi kwa bei nafuu wakati wa msimu anaweza kuyagandisha maji yake katika vyombo vya barafu, kisha akatoa kipande kimoja kimoja kwa siku ya kupika.

Mnywaji na kipimo chake

Mtu mzima mwenye afya. Matunda mazima yawe kawaida, na juisi iwe ya mara mojamoja. Anapokunywa, mililita 120 hadi 150 zinatosha, yaani kikombe kidogo, pamoja na mlo. Akitaka kinywaji kirefu, aongeze maji, asiongeze machungwa.

Mtoto. Katika miezi sita ya kwanza mtoto hahitaji kitu kingine zaidi ya maziwa ya mama, na maji ya machungwa yanayotolewa na baadhi ya wazazi kwa nia njema hupunguza nafasi ya maziwa hayo. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika ushauri wake wa mwaka 2017, kinasema juisi isitolewe kabla ya mtoto kutimiza mwaka mmoja. Kati ya mwaka mmoja na mitatu isizidi mililita 120 kwa siku, na kati ya miaka minne na sita isizidi mililita 180. Itolewe kwa kikombe wakati wa chakula, kamwe isitiwe katika chupa ya kunyonya wala kuachwa kinywani mwa mtoto aliyelala. Mtoto anayeharisha apewe ORS. Sukari nyingi ya juisi huweza kuuzidisha uharishaji.

Mama mjamzito na mwenye upungufu wa damu. Hapa ndipo kikamulio huonesha thamani yake. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage, kunde, choroko, mchicha na kisamvu huingia mwilini kwa shida. Vitamini C huyabadilisha yakawa katika hali ambayo utumbo huweza kuyapokea, mradi viwili hivyo vikutane tumboni katika mlo uleule. Maji ya chungwa moja, yenye miligramu 30 hadi 40 za vitamini C, au chungwa lenyewe likiliwa pamoja na maharage, huleta tofauti ya kweli. Ndimu moja hutoa kidogo zaidi, kiasi cha miligramu 10, lakini ikikamuliwa juu ya mboga kila siku nayo ina mchango wake. Chai, kinyume chake, huyafunga madini hayo. Inywewe saa moja au mbili baada ya chakula. Kuhusu vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki, mama avimeze hata kama hana chungwa. Vidonge hivyo hufanya kazi vyenyewe, na kukosa juisi si sababu ya kuahirisha dozi.

Mgonjwa wa kisukari. Chungwa moja zima linaweza kuwa sehemu ya mlo wake, na juisi isiwe kinywaji chake cha kila siku. Lakini kuna saa ambayo juisi hugeuka kuwa dawa. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari: hutetemeka, hutokwa na jasho, moyo hudunda kwa kasi, njaa humshika na akili huchanganyika. Sukari ikipimwa huwa chini ya 4 mmol/L. Hapo apewe mara moja mililita 150 za juisi ya machungwa, ambayo huwa na takriban gramu 15 za wanga, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, arudie. Ikishapanda, ale chakula kamili. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu chochote kwa mdomo; apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kasi ileile inayoifanya juisi kuwa hatari wakati wa kifungua kinywa ndiyo inayoifanya ifae katika dharura hii.

Mgonjwa wa figo. Kundi hili linahitaji uangalifu kwa sababu lina watu wa aina mbili wenye mahitaji yanayopingana. Anayepata vijiwe vya kalsiamu, ambaye figo zake bado zinafanya kazi vizuri, hunufaika na malimau na ndimu. Sitrati iliyomo humo hushikamana na kalsiamu katika mkojo na kuizuia isigande. Kiasi kilichofanyiwa utafiti ni mililita 120 za maji ya limau zilizozimuliwa katika lita mbili za maji na kunywewa kidogo kidogo kwa siku, bila sukari. Maji hayo hayavunji kijiwe kikubwa kilichokwisha kufanyika, bali husaidia kuzuia kingine.

Lakini yule ambaye figo zake zimeshindwa kazi asifuate ushauri huo wala asinywe juisi ya machungwa bila idhini ya daktari. Glasi ya mililita 250 huwa na karibu miligramu 500 za potasiamu, na figo dhaifu haziwezi kuitoa. Potasiamu ikizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo, na huweza kuusimamisha. Hatari ni kubwa zaidi kwa anayetumia pia enalaprili, losartani au spironolaktoni. Mgonjwa huyo huyo, kama ana kisukari na sukari ikashuka, ni heri atumie sukari ya kawaida iliyoyeyushwa katika maji badala ya juisi ya machungwa. Vilevile dawa za kutuliza asidi ya tumbo zenye alumini zisimezwe pamoja na juisi hizi, kwa kuwa sitrati huongeza uingiaji wa alumini mwilini.

Balungi na dawa

Mwaka 1989, watafiti wa London katika jimbo la Ontario, Canada, wakiongozwa na David Bailey, walikuwa wakichunguza iwapo pombe huathiri utendaji wa felodipini, dawa ya shinikizo la juu la damu. Ili kuficha ladha ya pombe, waliichanganya na juisi ya balungi. Kiwango cha dawa katika damu kilipanda kupita matarajio yao, na sababu haikuwa pombe, bali balungi. Leo tunafahamu kwamba balungi lina kemikali zinazozima kimeng'enya kilichomo katika kuta za utumbo, ambacho kazi yake ni kuvunja sehemu ya dawa kabla haijaingia katika damu. Kimeng'enya hicho kikizimwa, dozi ya kawaida hufanya kazi kama dozi kubwa. Athari ya glasi moja huweza kudumu zaidi ya siku nzima, na kwa hiyo kutenganisha saa za dawa na saa za juisi hakutoshi.

Dawa zinazohusika ni pamoja na felodipini na nifedipini za shinikizo la damu, simvastatini na atorvastatini za kupunguza lehemu, karbamazepini ya kifafa, na siklosporini na takrolimasi kwa waliopandikizwa figo. Artemetha iliyomo katika dawa mseto ya malaria nayo hupanda kwa njia hiyo, na ni heri mgonjwa aliache balungi kwa siku za dozi. Furungu na danzi vina kemikali za jamii hiyohiyo. Machungwa matamu ya kawaida na machenza hayana tatizo hilo, ingawa yapo mengine: feksofenadini, dawa ya mzio, imezwe kwa maji, kwani juisi za matunda, ikiwemo ya machungwa, hupunguza uingiaji wake mwilini.

Meno na ngozi

Asidi ya juisi hizi hulainisha tabaka gumu la nje la jino. Desturi ya kunywa maji ya ndimu au limau kila asubuhi, hasa kwa kufyonza polepole, huweza kulila tabaka hilo hadi jino likaanza kuuma kwa baridi na moto. Anayekunywa azimue vizuri, anywe kwa wakati mmoja badala ya kufyonza siku nzima, asukutue kwa maji, na asubiri angalau nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Ngozi nayo ina habari yake. Maji ya ndimu yakibaki juu ya ngozi na jua likaipiga, ngozi huweza kuungua, ikatoa malengelenge na kuacha madoa meusi kwa wiki au miezi. Aliyekamua ndimu nyingi kwa ajili ya sherehe, au aliyejipaka ndimu usoni kwa kutafuta urembo, aoshe kwa sabuni na maji kabla ya kutoka nje. Mhudumu anayeona madoa ya ghafla mikononi, hasa yenye umbo la michirizi au matone, aulize kuhusu ndimu kabla ya kuandika dawa ya fangasi.

Maswali ya kuuliza kliniki

Swali la kawaida, "Unatumia sukari?", halitoshi. Mgonjwa wa mwanzo wa makala haya angelijibu "Hapana" kwa unyofu kabisa. Mhudumu aulize: Je, nyumbani mnakamua matunda? Tunda gani? Mangapi katika glasi moja? Unakunywa saa ngapi, na wakati huo unameza dawa zipi? Maswali hayo huchukua dakika moja, na majibu yake huweza kueleza sukari isiyoshuka, potasiamu iliyopanda au dawa iliyogeuka kali bila dozi kubadilishwa.

Na mgonjwa huyo asiambiwe akitupe kikamulio chake. Aambiwe chungwa la asubuhi alimenye na kulitafuna. Kikamulio akitumie kwa ndimu ya juu ya maharage na samaki, na kwa kikombe kidogo cha mtoto wake aliyekwisha kupita umri wa mwaka mmoja. Kama anachoma insulini, na figo zake ni nzima, asikose machungwa mawili au matatu karibu na kikamulio hicho. Watu wa nyumbani kwake nao wafundishwe dalili za sukari kushuka na kipimo cha mililita 150, kwa kuwa siku hiyo ikifika huenda yeye mwenyewe asiweze kukamua.